Mdomo wa Kikombe

Kaka yangu Apolinari anaweza kukitazama kikombe cha bati mpaka chai iliyomo ipoe, na bado hajainua penseli. Nimemsema kwa hilo tangu tukiwa watoto hapa Ushirombo. Mtu mzima, seremala, mbao za mninga zinamsubiri karakanani, yeye Jumapili baada ya misa anakaa kukikodolea macho kikombe kana kwamba kitaota miguu! Nilikuwa nacheka. Siku hizi sicheki. Nataka nieleze habari zake na za binti yake Loveness, hasa habari za mkono wa kulia wa Loveness, kwa sababu watu wa hapa wameshazisema sana na wamezisema ovyo.

Kuchora Apolinari alijifunzia kwenye karakana ya misheni, alikopelekwa baada ya shule kumshinda. Fundi mkuu wa pale alikuwa na mtindo wake. Hakuna kugusa randa wala msumeno mpaka uchore kwanza vitu vya nyumbani, kimoja kimoja, na yeye aridhike. Wenzake waliona wanapotezewa muda, wakalipualipua wakaenda zao kwenye mbao. Apolinari alinasa hapohapo. Akachora kigoda, akachora kinu, akachora mwiko, akachora ndoo yenye mpini uliopinda. Wenzake walitoka pale wakijua kutengeneza makabati. Yeye alitoka anajua makabati na anajua kukaa kimya mbele ya ndoo.

Hakuwahi kuchora simba wala jua likizama wala sura ya mtu. Vitu vya ndani tu. Alichora nyuma ya kalenda za parokia za mwaka uliokwisha, kwa penseli aliyoichonga kwa wembe mpaka ncha ikawa ya kuchoma. Kifutio hakukitaka kabisa. Alisema mwenye kifutio hujizoesha kutazama ovyo, akijua atarekebisha. Picha zenyewe hakuzitunza. Mkewe, wifi yangu Serafina, alikuwa anawashia jiko la mkaa kwa picha za jiko la mkaa, na Apolinari hakununa.

Loveness ni mtoto wao wa pekee, na alimfuata baba yake huko mwenyewe. Wenzake wakicheza rede nje, yeye yuko sebuleni na baba yake, kikombe cha marehemu mama yetu kiko mezani, kile chenye maua mekundu na mdomo uliobanduka rangi pembeni. Ukipita dirishani unasikia sauti moja tu.

"Sogea."

Kigoda kinaburuzwa.

"Sogea tena. Kiwiko gotini. Kidevu chini. Fumba jicho moja. Usishike penseli mpaka uone kitu ambacho ulikuwa hukioni."

Alimwambia kwamba mtu akikaa mbali huchora anachokijua, hachori anachokiona. Na mtihani wake ulikuwa mdomo wa kikombe. Kila mtu anajua mdomo wa kikombe ni duara, kwa hiyo ukimpa penseli anachora duara, kikombe kinaonekana kama kimepasuliwa kikalazwa. Lakini ukikitazama kwa ubavu, ule mdomo si duara wala si mstari. Umelala katikati ya hivyo viwili, na mahali hasa ulipolala panategemea wewe umekaa wapi. Mimi nimeelezwa mara nyingi na bado nachora duara. Loveness aliupata akiwa hata meno ya mbele hayajaota yote. Aliuchora kwa mkupuo mmoja, bila kunyanyua penseli, ukafunga vizuri pale ulipoanzia.

Apolinari alikuja na karatasi ile sokoni kwenye meza yangu ya mchele, mbele ya wateja. "Dada, tazama." Nikatazama. Akamshika mtoto mkono akaunyoosha juu ya gunia. "Mkono huu hautikisiki. Huyu atachora ramani za nyumba, siyo kupigilia misumari kama mimi." Alikuwa na furaha ya kuudhi. Kuanzia siku ile mkono ule ukawa ndiyo mipango yake yote, na hakuna aliyeingia karakanani akatoka bila kuambiwa habari zake.

Sasa niseme ya dhahabu. Watu walianza kununua vitanda vya chuma na makochi yaliyokwishatengenezwa, karakana ikapoa, na Serafina akaanza kuwapokea wachimbaji jikoni kwake kwa malipo. Aliyekuja sana ni Mayala, Msukuma wa upande wa Mhunze, kiongozi wa kikundi kilichokuwa na duara lao huko machimboni. Duara ndilo lile shimo wanaloshukia. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na unga wake kuoshwa, wanautia zebaki, zebaki inashika dhahabu, wanabaki na donge jeupe laini. Donge hilo linachomwa. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Hakuna mtoto hapa asiyelijua hilo. Zebaki tuliizoea kama tulivyozoea chumvi, watu waliishika kwa viganja, wengine waliifunga kwenye pindo la kanga.

Na kuchoma hawachomei machimboni. Wachimbaji wa huku wanaamini dhahabu ikiwa bado motoni haitakiwi kukutana na jicho la mgeni. Ikionwa inakimbia, unabaki na jiwe. Kwa hiyo wanatafuta nyumba ya mtu wanayemwamini, mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa gunia, na watu wanabaki ndani na moto wao. Jiko la Serafina ni dogo. Chombo chao kilikuwa kikaango cha mayai.

Serafina hana subira, hilo hata yeye anakubali. Aliepua mapema, dhahabu ikatoka na weupe, Mayala akalalamika. Siku moja Loveness aliingia kuchukua chumvi akasimama nyuma ya mama yake.

"Mama, bado. Ule upande wa chini bado mweupe."

Walitazama wote wawili wasione kitu. Wakarudisha motoni, na kweli palikuwa na weupe, ukaondoka. Mayala akapiga makofi, akamwita Serafina mama kwa Kisukuma.

"Mayu, huyu binti ana jicho! Basi akae yeye."

Akakaa yeye. Alikaa kila Mayala alipokuja, akitoka shule, na baada ya muda walikuja wachimbaji wengine wakimtaka yeye kwa jina. Aliweza kugeuza donge kwa ncha ya kijiko bila kuligonga, aliweza kusema sasa, na ikawa kweli ni sasa. Jicho lile alilipata wapi? Na ule mkono? Mwalimu wake mnamjua.

Apolinari aliwakuta siku moja alipokwenda kuchukua kikombe. Serafina alimfungulia kwa sababu mwenye nyumba si mgeni. Aliniambia mwenyewe alichokiona, aliniambia jioni ileile, amekuja sokoni kwa kusudi hilo. Loveness alikuwa kwenye kigoda mbele ya jiko, kiwiko gotini, kidevu chini, jicho moja limefumbwa, uso umeinama juu ya kikaango.

"Nikamwita," akaniambia. "Hakugeuka. Akasema, subiri baba, inageuka rangi. Nikasubiri. Weupe ukapauka, ukapauka, halafu njano ikaja kwa mara moja. Dada, alikuwa amekaa sawasawa! Sikumwambia kitu, amekaa mwenyewe."

Nilimwambia mtoto wa shule hafai kufungiwa na wanaume na moshi. Akasema shule anakwenda. Alikuwa hanisikilizi, alikuwa bado yuko kule jikoni anatazama.

Siku hizohizo mfuniko wa sufuria, uliokuwa ukitundikwa juu ya lile jiko, ulianza kuota vinyweleo vyeupe kwa ndani, laini kama ndevu za mahindi. Serafina aliusugua kwa majivu, kesho yake vikaota tena, na bati pale chini likawa linaliwa. Serafina alikasirika kwamba ameuziwa sufuria feki. Apolinari alifurahi. Aliuchukua mfuniko akauweka mezani akauchora, unywele baada ya unywele, mpaka shingo ikamkaza. Ile picha ninayo mimi. Hakuna unywele uliosahauliwa.

Halafu mdomo wa kikombe ukaharibika.

Mara ya kwanza ilikuwa kipengo kidogo tu kwenye mstari, upande wa kulia. Apolinari alikichukua kikombe akakizungusha mkononi akitafuta pengo jipya, maana alijua binti yake hachori kisichokuwepo. Pengo hakuliona.

"Hili umeliona wapi?"

"Sijaliona, baba. Limekuja lenyewe."

"Haliji lenyewe. Hutazami. Rudia."

Akarudia, vikawa viwili. Akaambiwa asogee. Akaambiwa aende polepole. Alipokwenda polepole ndipo mkono ulipozidi, na ncha ya penseli ilipokaribia pale ilipotakiwa kufunga, ikaanza kurukaruka kama inaungua. Jumapili baada ya Jumapili ilikuwa hivyo, sogea, rudia, hutazami, mpaka mtoto analia juu ya kalenda na karatasi inalowa.

Na haikuwa penseli peke yake. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Fizi zilimtoka damu. Loveness aliyekuwa akiimba mstari wa mbele kwenye kwaya alianza kuogopa macho ya watu. Nikienda kwao ananiamkia shikamoo akiwa nyuma ya mlango, na ukimwita mara mbili anafoka, kisha analia kwa kuwa amefoka. Zahanati walimpa dawa za malaria. Serafina alimpeleka kwenye maombi, halafu Mayala akawapeleka kwa mganga wake, mtoto akachanjwa chale kwenye kifundo cha mkono. Mtaani wakasema dhahabu imeupenda mkono wa yule binti, imeuchukua. Watu wazima wenye akili zao walisema hivyo, wakinunua mchele wangu, na mimi nikawapimia!

Na Apolinari? Apolinari alisema binti ana mawazo ya wavulana. Nilimfuata karakanani nikamwambia mbele ya mteja wake, sikujali.

"Wewe unayejisifia kuona, huoni mtoto anatetemeka?"

"Naona mstari," akasema. "Mstari unatetemeka kwa sababu hatazami."

Nilitamani kumpiga na randa yake. Badala yake nilifunga meza yangu sokoni, nikamchukua mtoto, nikamwambia baba yake apande basi au abaki, na tukaenda wote watatu mpaka hospitali kubwa Shinyanga. Alikuja. Njia nzima alikuwa amemshikia Loveness chupa ya maji asije akaimwaga.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimtazama Loveness ulimi, akamwambia anyooshe vidole, halafu akamsogezea karatasi na kalamu. "Nichoree mstari unaozunguka kama gamba la konokono, kutoka ndani kwenda nje." Nikamwona Apolinari anakaa wima. Nilijua anawaza kwamba hapa sasa mtoto ataonyesha anachokiweza. Loveness aliegemeza kiwiko gotini, akashusha kidevu mpaka karibu na karatasi, akafumba jicho moja. Kalamu ilianza vizuri, kisha ikaenda huku na huku, mstari ukaingia juu ya mstari mwingine, na alipojitahidi karatasi ikachanika.

Daktari aliuweka ule mchoro kando. Aliuliza, "Nyumbani mnachoma dhahabu?"

"Tunachoma," akasema Apolinari. "Wanachoma jikoni."

"Nani anachoma?"

"Mimi," akasema Loveness.

"Ukichoma unakaa umbali gani na moto?"

Loveness akaweka kiganja chake mezani, akainamisha uso mpaka pua karibu iguse vidole. Vidole vyenyewe vilikuwa havitulii.

"Kwa nini karibu hivyo, mdogo wangu?"

Basi mtoto akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mvua zilizopita. "Ili nione vizuri. Baba ndiye alinifundisha. Ukikaa mbali unachora unachokijua, huchori unachokiona." Alisema kwa majivuno, akamgeukia baba yake ili amthibitishie.

Apolinari alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona. Alikubali kwanza, kwa mazoea, na ndipo sura yake ikafa.

Daktari alieleza polepole. Ule moshi ni zebaki yenyewe. Mtu anauvuta, unaingia kwenye damu, unakwenda mpaka kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, na aliyeinamia kikaango anauvuta kuliko aliyekaa mlangoni. Jikoni dirisha likiwa limezibwa, unashika hata kuta na vyombo, unamla hata asiyechoma. Akasema Serafina naye aje apimwe. Nikakumbuka ule mfuniko.

"Moshi huo una rangi gani?" akauliza Apolinari.

"Mara nyingi hauna rangi, baba. Wala harufu."

"Hauonekani?"

"Hauonekani."

"Hata ukisogea?"

Daktari alimtazama, nadhani hakuelewa anaulizwa nini. "Hata ukisogea," akasema.

Nikauliza mimi badala ya Apolinari. Mkono utarudi? Daktari akasema kwanza mtoto aondoke kabisa kwenye ule moshi, atumie dawa, arudi kupimwa. Wengine hupata nafuu, wengine hubaki hivyo, na huyu amevuta kwa muda mrefu akiwa bado anakua. Hakuahidi. Nilimchukia kwa kutoahidi, ingawa najua alikuwa mkweli.

Tuliporudi, Serafina alikitupa kikaango chooni na mfuniko akaufukia, akapiga magoti akalia mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki. Simtetei na simlaani. Alikuwa akichoma ndani ya nyumba yake kama wanavyochoma wengine, na yeye mwenyewe siku hizi anasahau majina ya watu. Mayala alikuja kutoa pole, akakaa kidogo, akaondoka. Baada ya hapo nikaona gunia kwenye dirisha la jiko la jirani, nyumba ya tatu kutoka pale, na wana binti. Nilikwenda nikagonga, nikasema yote aliyoyasema daktari. Wakanisikiliza kwa adabu. Nilipofika barabarani nikasikia wakisema wifi yake Serafina ana wivu, riziki imewahama.

Dawa Loveness amezitumia. Mimi shangazi yake nimempeleka kila alipoitwa. Fizi zimepona. Mkono haujarudi. Shule ameiacha, maana akiandika hawezi kusoma alichokiandika, na watoto wenzake walikuwa wakiigiza anavyoshika kalamu. Apolinari anaendelea kutengeneza madawati na majeneza, lakini hachori tena kabla ya kukata, na mbao nyingi anakosea. Kalenda ya mwaka jana bado imetundikwa ukutani, hakuna aliyeitoa. Mimi nimekata tamaa, nasema wazi. Watu wananiambia nisiseme hivyo mbele ya mtoto, nami nawaambia mtoto aliikata kabla yangu.

Jumapili iliyopita nilikuwa pale baada ya misa. Loveness aliingia ndani mwenyewe akarudi na kile kikombe chenye maua, amekishika kwa mikono miwili, akakiweka mezani. Akaitoa kalenda ukutani akaigeuza. Baba yake alikuwa amekaa anatazama sakafu.

"Baba, leo nataka nijaribu."

Loveness akavuta kigoda mpaka mezani, kiwiko gotini, kidevu chini. Ndipo Apolinari akainuka. Akashika kigoda kwa nyuma, mtoto akiwa amekikalia, akakiburuza kurudi nyuma hatua moja. Loveness akadhani ni utani, akacheka kidogo. Akakiburuza tena. Akaendelea kukiburuza mpaka mgongo wa mtoto ukagusa ukuta wa upande wa pili, karibu na mlango, kikombe kiko kule mezani peke yake.

"Baba, huku ni mbali. Kutoka huku sikioni vizuri."

"Najua, mama."

"Sasa nitachora nini?"

Apolinari alimpa kalenda aiweke mapajani, akamwekea penseli mkononi na kumfumbia vidole juu yake. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Chora unachokijua."

Loveness akainamia karatasi. Akachora duara, kama watoto wote wanavyochora, na duara lenyewe halikufunga.